Jibini Nililolikwangua

Mimi ni mzima. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu najua anayetafuta simulizi za namna hii huenda yuko kwenye benchi la hospitali sasa hivi, simu mkononi, anasubiri jina lake liitwe. Benchi hilo nimelikalia. Nilichokuwa nakitaka ni mtu mmoja tu wa kuniambia, "Hata mimi yalinikuta," na sikumpata, maana ugonjwa wangu ulitoka kwenye chakula ambacho wengi wa hapa kwetu Mtwara hawajawahi kukionja, na aliyekitengeneza ni mimi mwenyewe.

Chakula chenyewe ni jibini laini. Si lile gumu la njano linalokatwa vipande vyembamba vya kuwekwa kwenye mkate. Hili langu ni jeupe, lina majimaji, ukilibonyeza linabonyea. Nachemsha maziwa, nakamulia ndimu, yanakatika, nayachuja kwa kitambaa cheupe, naweka jiwe juu mpaka yashikane. Kisha nalitia kwenye kopo lenye maji ya chumvi. Nilijifunza kwenye mafunzo ya kina mama miaka mitano iliyopita, na tangu hapo nawauzia wenye nyumba za wageni za Mikindani na wapishi wawili watatu wa mjini. Pale tunapoishi, Mtawanya, waliniita Mama Jibini. Nililipokea hilo jina kwa kicheko, lakini lilikuwa linanichoma, kwa sababu mtoto wa kuitwa mama yake sikuwa naye. Mimba mbili zilitoka kabla hazijafika miezi minne. Hii ninayoisimulia ilikuwa ya tatu, na ilikuwa imeshika mpaka mwezi wa saba.

Mume wangu Salumu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tunaishi na mama yake, Bi Mwanahamisi, mwenyeji wa Mikindani, mwanamke msafi kuliko chumvi na mwenye maoni juu ya kila kitu. Maoni yake juu ya jibini yalikuwa mafupi: maziwa yakishakatika yameharibika, na anayeyala ameamua mwenyewe. Kwa hiyo hakuwahi kuligusa. Nilizoea kumtania kwamba anakosa raha za dunia. Leo namshukuru Mungu kwa ubishi wa mama mkwe wangu.

Ilikuwa wakati wa korosho. Watu wako mashambani wanaokota, na joto limefika pale ambapo hata maji ya bomba yanatoka ya uvuguvugu. Umeme ukakatika siku mbili mfululizo. Nilikuwa na makopo mawili ya jibini kwenye friji, nikatangaza marufuku: asiguse mtu mlango huo. Bi Mwanahamisi akakubali, ila chupa yake ya maji ya kunywa ilikuwa mle ndani, na kila akitoka kuswali aliufungua mlango "kidogo tu." Hata mimi sikuwa bora. Niliufungua mara nne kuangalia kama baridi bado ipo. Siku ya pili jioni friji lilikuwa kabati, maji yanatiririka sakafuni.

Kopo la kwanza halikuwa na mjadala. Mfuniko ulikuwa umefura, nilipoufungua ukatoa pumzi. Maji ya chumvi yamekuwa mazito, jibini lina ute, linateleza kidoleni, na harufu yake ni ile ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika kwenye ndoo. Nilichimba shimo nikafukia. Nikampigia mteja wangu wa Mikindani nikamwambia wiki hii sina kitu.

Kopo la pili ndilo lililonipata. Lilikuwa na vipande viwili vikubwa, vyeupe, vizuri, havinuki. Pembeni mwa kimoja kulikuwa na nukta tatu za kijani, ndogo kama vichwa vya pini. Kanuni naijua. Nimewaambia wateja kanuni hiyo mara ngapi sijui: jibini gumu likiota ukungu unaweza kukata kipande kinene na kilichobaki ukala, lakini jibini laini likiota hata nukta moja, lote limekwenda, maana lina maji, na uchafu hutembea ndani ya maji bila kuonekana. Nimewaambia watu wazima wenye ndevu wakatikisa kichwa kunikubalia. Mganga hajigangi. Nilikaa mbele ya kopo lile nikawaza maziwa yalivyokuwa adimu msimu ule wa kiangazi, nikawaza nilivyoyasubiri kwa mfugaji, na roho ikaniuma.

Nikampigia mama yangu, Bi Somoe, aliyeko Mahurunga. Mama amelima mihogo maisha yake yote.

"Mama, jibini langu limeota ukungu kidogo."

"Linanuka?"

"Halinuki."

"Sasa unaniuliza nini, mwanangu? Kwangua, suuza kwa maji ya chumvi, anika. Makopa yangu yanaota ukungu kila masika, nakwangua, naanika, natwanga. Nyinyi nyote mmekua kwa ugali huo."

Kama hukukulia kwetu, makopa ni muhogo uliomenywa na kukaushwa, unawekwa ghalani mpaka siku ya kutwangwa. Mvua ikiupiga unafanya madoa meusi na kijani, na kila mtoto wa Mahurunga amewahi kupewa kisu akae barazani akwangue. Sikuona ajabu yoyote katika maneno ya mama. Nilichukua kisu, nikakwangua zile nukta tatu, nikaosha vile vipande, nikavitandaza kwenye ungo, nikavifunika na kipande cha chandarua na kuviweka juani kwenye kichanja. Jua lile lilikuwa kali mno hata nikaona hakuna kidudu kitakachobaki hai.

Kuviuza sikuthubutu, hilo nalisema kwa faraja. Lakini kuvitupa pia sikuweza. Nilivila mwenyewe siku nne, asubuhi, na muhogo wa kuchemsha. Salumu alikuwa Msimbati wiki tatu akitengeneza mageti, kwa hiyo hakuonja. Na niseme ukweli, lilikuwa tamu. Mtoto alikuwa akicheza tumboni kila nilipolila, nami nikamwambia, "Nawe umelipenda, eeh?"

Homa ilikuja kama siku kumi na tano baadaye, nimeshasahau. Mgongo uliuma kama niliyelima kutwa, shingo ikakaza, mwili ukawa unatetemeka chini ya vitenge viwili kwenye joto lile la Mtwara. Duka la dawa wakasema malaria, nikameza dawa. Zahanati wakapima, malaria hakuna, wakanipa dawa ya mkojo. Siku ya nne homa ilikuwa imepanda hata Salumu, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi, hakuniuliza. Alinibeba mpaka kwenye bajaji, nikaenda hospitali kubwa ya mjini na kitenge cha mama mkwe kichwani.

Benchi la kliniki ya wajawazito lina mila zake. Anayekuja husogezewa nafasi hata kama nafasi haipo. Watu huulizana mimba ya ngapi kabla ya kuulizana majina. Mwanamke mmoja aliyekuwa na tumbo kubwa kuliko langu alinitazama nikitetemeka, akainuka, akamwambia muuguzi, "Zamu yangu mpe huyu." Sikumjua na sijamwona tena. Kila nikimkumbuka namwombea.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya upole. Alinipima, akasikiliza moyo wa mtoto, akaniuliza maswali mengi. Moja lilikuwa hili: "Wiki hizi umekula nini ambacho hukizoei, au kilichokaa muda mrefu?"

Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikaliona jibini lile waziwazi, kwenye ungo, chini ya chandarua. Na hapohapo nikaona wateja wangu wote wa Mikindani wakisikia kwamba Mama Jibini kalazwa kwa jibini. Nikaona uso wa mama mkwe. Nikasema, "Ugali wa muhogo, samaki, kisamvu. Vya kawaida tu." Nilimtazama daktari machoni nikasema hivyo.

Nikalazwa. Wakanipa dripu na dawa ya homa, homa ikashuka saa chache ikarudi. Asubuhi yake nikagundua kitu ambacho sikukisema kwa mtu. Mtoto aliyekuwa akinipiga mateke mpaka naacha kuongea alikuwa amepunguza kucheza. Nililala ubavu, nikaweka mkono tumboni, nikahesabu. Alisogea mara moja, polepole. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na bado sikusema lile la jibini. Najua unaniona mjinga. Mimi pia najiona hivyo, lakini aibu ina nguvu, na nilijidanganya kwamba jua lilishaua kila kitu.

Aliyeniokoa ni majivuno ya mama yangu.

Mama aliacha korosho zake chini ya mikorosho, akapanda gari la kwanza kutoka Mahurunga, akaingia wodini saa nne asubuhi na kikapu cha unga, embe na korosho za kukaanga. Wakwe hawa wawili wanaheshimiana sana, na heshima yenyewe huonekana zaidi wakiwa mbalimbali. Bi Mwanahamisi alikuwa amekwisha nipikia uji wa mchele. Mama akaufunua, akauangalia, akaufunika.

"Mwanangu amezoea uji wa muhogo," alisema.

"Muhogo mzito kwa mgonjwa, mwenzangu," Bi Mwanahamisi akajibu. "Halafu siku hizi anakula ovyo. Mimi nasema kila siku, chakula cha jana ni cha jana."

Mama akajinyoosha kwenye kiti. Hilo kwake lilikuwa kama kuambiwa hakumlea mtoto.

"Huyu hali ovyo. Huyu nimemfunza mwenyewe asitupe chakula. Hata kile cheupe chake, juzi kiliota ukungu, wengine wangetupa. Yeye kakwangua, kaanika, kala. Ndiyo malezi hayo."

Muuguzi alikuwa kitanda cha jirani anabadilisha dripu. Aliitwa Sista Anjela, mama mwenye mwili mkubwa asiyetembea haraka hata siku moja. Aliacha dripu, akaja haraka.

"Bibi, kitu gani cheupe?"

"Hicho anachouza. Maziwa."

Sista Anjela akanigeukia. "Jibini?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni. Bi Mwanahamisi akaniangalia, kisha akaketi miguuni pangu pale kitandani, akanishika kifundo cha mguu, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake akasema, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Sema."

Nikasema yote. Nukta tatu, kisu, ungo, siku nne, na muhogo wa kuchemsha. Nilisema huku nalia. Sista Anjela hakungoja nimalize kulia, alikwenda kumwita daktari.

Daktari hakunigombeza. Aliniambia kuna vijidudu vinavyopenda jibini laini, vinaweza kuishi hata ndani ya friji, havibadilishi harufu wala ladha, na mjamzito vinampata kirahisi kuliko mtu mwingine. Si lazima viwe vilitoka kwenye ukungu, alisema. Pengine vilikuwa kwenye kitambaa changu, au kopo, au maji, vikapata siku mbili za joto. Alichukua damu akasema inakwenda kuoteshwa. Mimi najua kuotesha miche ya mikorosho, sikujua kwamba damu nayo inaoteshwa. Majibu yangechukua siku kadhaa, naye hakutaka kuyasubiri. Dawa ya mshipa ilianza mchana uleule.

"Na mtoto?" nilimuuliza.

"Moyo wake unapiga. Tutampigania. Lakini sitakudanganya, mpaka azaliwe na tumwangalie, hatutajua kama vimemfikia."

Basi nikawa na wiki mbili za sindano, kila baada ya saa sita, na baada ya wiki hizo mbili nikawa na swali hilo moja la kubeba mpaka siku ya kujifungua.

Majibu ya damu yalikuja kama daktari alivyohisi. Wakati huo homa ilikuwa imekwisha niacha. Siku ya tatu ya dawa mtoto alinipiga teke saa ya chakula cha mchana, teke la haki, mpaka sahani ikayumba juu ya tumbo. Nilipiga ukelele wodi nzima ikageuka. Mwanamke wa kitanda cha pili akauliza, "Uchungu?" Nikamwambia, "Teke." Wakacheka wote, akaanza mmoja kupiga vigelegele, na Sista Anjela akaja kutuambia hii ni wodi ya wagonjwa, naye anacheka.

Mkono wangu wa kushoto ulivimba kwa sindano, wakahamia wa kulia. Nilikonda usoni huku tumbo likikua, Salumu akasema nimekuwa kama papai juu ya kijiti. Nywele zilinitoka kidogo. Nilikuwa siwezi kuvumilia kuona kitu cheupe kwenye sahani, hata wali. Haya yote yalipita, nawaambia wale mlio katikati yake sasa.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni mama. Tangu ile asubuhi alikuwa hali chakula. Alikuwa anakaa nje ya wodi kwenye ukingo wa saruji, mtandio umemfunika uso, na akiingia anapanga vitu vyangu tu kisha anatoka. Siku ya tano nikaomba ruhusa, nikasukuma chuma cha dripu mpaka nje, nikakaa karibu yake.

"Nimemdhuru mjukuu wangu kwa mdomo wangu," akasema bila kunitazama.

"Mama, wewe umeulizwa na mtu anayejua kuliko wewe. Kosa la nani hapo?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kukwangua."

"Ulinifundisha makopa. Makopa ni makavu, yanatwangwa, yanapikwa kwa moto. Jibini ni maji matupu, na mimi nikalila bila moto. Mimi ndiye mwenye cheti cha jibini kilichotundikwa ukutani. Wewe hata jina lake hulijui, unaliita kile cheupe."

 Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Linaitwaje tena?" akauliza. Nikamwambia. Akalitamka mara mbili, akasema ni jina baya kwa chakula. Tulirudi ndani, akanywa uji wa mchele wa Bi Mwanahamisi bakuli zima, na mwenzake alimwangalia akinywa kwa furaha ya mshindi.

Wiki ya pili nilikuwa na nguvu za kukaa, na wenzangu wodini walitaka kujua habari za jibini. Sista Anjela ndiye aliyechochea. Akasema, "Mwalimu, tufundishe, wengine tunauziwa kwenye sherehe hatujui kitu." Nikawaeleza kutoka kitandani, nami nayarudia hapa kwa anayeyahitaji.

Jibini laini likae nyuma kabisa kwenye friji, chini, si mlangoni ambako kila anayetafuta maji anaingiza joto. Liwe ndani ya maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kwenye kopo lenye mfuniko lililooshwa kwa maji ya moto. Ukitoa kipande tumia kijiko kikavu, usitumbukize mkono. Andika siku uliyolitengeneza. Mimi zamani nilisema siku saba, sasa nasema tano, na likishawekwa mezani kwenye joto letu lisizidi saa moja nje. Umeme ukikatika zaidi ya saa nne, litupe, usinipigie simu kuniuliza, na usimpigie mama yako.

"Na nitajuaje limeharibika?" aliuliza yule wa kitanda cha pili.

"Likiwa na ute, likiwa na rangi ya waridi au ya njano au nukta zozote, maji yakifanya mapovu, mfuniko ukifura, harufu ikikuchoma puani. Tupa."

"Na likiwa halina hata kimoja?"

"Hapo ndipo liliponipata mimi. Pua haioni kila kitu. Kama limekaa kwenye joto, au hujui limekaa wapi, tupa. Na ukiwa na mimba, la kulila ni lile lililopikwa kwenye moto mpaka likachemka, au uliache mpaka ujifungue."

"Mimi nimeacha kabla sijaanza," akasema, na wodi ikacheka tena.

Nilitoka hospitali embe zikiwa zimeiva. Salumu alikuwa amenunua friji dogo la mitumba la kuwekea maji ya kunywa, likawekwa sebuleni, na la jibini likafungwa kufuli. Niliwapigia wateja wangu wote, mmoja mmoja, nikawaambia nimeugua nini na kwa nini. Nilitegemea wakimbie. Mmoja alikimbia kweli. Wengine waliniuliza tu lini nitaanza tena, na mwenye nyumba ya wageni moja alinipa kipimajoto cha kuweka ndani ya friji. Nilikuwa nimewaficha watu ambao kumbe wangenipa pole.

Kila wiki nilikwenda kusikilizwa mtoto. Moyo ulipiga vizuri kila mara, na kila mara nilirudi nyumbani na furaha ya siku mbili, kisha swali likarudi. Bi Mwanahamisi aliacha kutoa maoni. Mama alikuja kila Ijumaa. Mvua zilianza, watu wakashika majembe, mama akapanda mihogo yake kwa haraka ya ajabu ili awahi kurudi kwangu.

Uchungu ulinishika wiki nne kabla ya siku zake. Hilo lilitutia hofu wote, tulijua linaweza kuwa dalili. Nilizaa asubuhi, mvua inapiga mabati hata nikawa simsikii mkunga anasema nini. Na hicho ndicho kilichonitesa, sikusikia kilio. Nilimwona ametoka, nimeona miguu, nimeona Sista mwingine anamfuta kwa nguvu, na mvua haitulii. Nilipiga kelele, "Analia? Analia?" Mkunga akaja na kile kifurushi, akakiweka karibu kabisa na sikio langu. Alikuwa analia. Alikuwa analia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Lakini walimchukua. Mdogo, kabla ya wakati, na mama mwenye historia ile, ilibidi awekwe chumba cha watoto, apewe dawa, damu yake nayo ioteshwe. Wiki nzima nilikwenda kumnyonyesha kwa saa, nikinawa mikono mpaka viganja vikakwaruza. Alikuwa na mrija mkononi, mkono mwembamba kama kidole changu. Nilijifunza kumtazama anavyopumua. Wamama wa chumba kile tulikuwa sita, tulijuana kwa majina ya vitanda vya watoto wetu, na aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alisindikizwa na wote mpaka mlangoni. Niliwasindikiza watatu. Niliwafurahia kwa moyo, na nikirudi ndani nilikaa kitini nikiomba.

Siku ya nane daktari yuleyule binti aliingia na karatasi. Salumu alikuwa nje na mama zetu wawili, maana wanaume hawaruhusiwi mle. Aliniambia damu ya mtoto haikuotesha kitu chochote. Wamempima kichwa, wamempima masikio, wamemsikiliza kifua. Alisema mengine pia, sikuyashika. Akatoa ule mrija mkononi mwa binti yangu, akambandika pamba ndogo, akamfunga vizuri kwenye kitenge changu, akanipa.

Nikaendelea kukaa. Nilikuwa nasubiri aniambie nimrudishe saa ngapi.

Daktari alifika mlangoni, akageuka. "Mbona umekaa?"

"Nimnyonyeshe kisha nimlaze?"

"Ukamlaze kwenu," akasema. "Ni wako. Nenda naye nyumbani."

Wale wamama wawili waliobaki walikuwa wamekwisha simama kunisindikiza.